Wanasayansi wakiona sala inavyowaka ubongoni, imani imepata hasara gani?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila baada ya muda huletwa humu habari yenye kichwa cha aina ya "Sayansi yathibitisha Mungu yupo kichwani tu". Chini yake watu hugawanyika. Upande mmoja unashangilia kwamba dini imekwisha, upande wa pili unasema sayansi ni ya shetani, na mjadala unafia hapo. Wanaoumia ni vijana wanaosoma kimya kimya. Wanaondoka wakiamini kwamba lazima wachague, ama maabara ama nyumba ya ibada. Mimi ni Mkristo, nimesomea saikolojia, na jambo hili linanigusa kwa ndani. Naomba tulichambue taratibu, tukianza na kile kilichofanywa hasa huko maabara, maana wengi tunabishana juu ya vichwa vya habari.

Nianze na ile inayotajwa kuliko zote, "kofia ya Mungu". Michael Persinger wa Chuo Kikuu cha Laurentian, mjini Sudbury, Kanada, alikuwa akiwavisha watu kofia ngumu yenye koili zinazotoa uga wa sumaku kwenye mapanja yote mawili. Uga wenyewe ulikuwa dhaifu mno, hata ule wa dunia una nguvu zaidi. Mtu aliketi kwenye chumba kimya, macho yamefunikwa, na wengi wakatoka wakisema walihisi kuna kiumbe yuko nao mle ndani. Mwaka 2003 BBC ilimpeleka Richard Dawkins, mwana biolojia anayeipinga dini waziwazi, akavaa kofia hiyo na hakukutana na yeyote.

Halafu Waswidi wakarudia jaribio. Pehr Granqvist na wenzake walichukua wanafunzi 89, wakaweka utaratibu kwamba anayevishwa hajui kama sumaku imewashwa, na anayemhudumia naye hajui. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005: kuwashwa au kuzimwa kwa sumaku hakukuleta tofauti. Kilichotofautisha waliohisi kitu na wasiohisi ni hulka ya mtu, hasa wepesi wake wa kuchukuliwa na matarajio. Persinger alipinga, akasema vifaa vyake havikutumika inavyotakiwa. Lakini tangu hapo anayekuja hapa na kofia hiyo kama ushahidi wa mwisho anatumia kitu ambacho wenzake wa fani walikijaribu na hawakukiona.

Sasa kuna tafiti zenye uzito zaidi. Andrew Newberg wa Marekani aliwapima Wabudha wa mkondo wa Tibet waliozoea tafakuri, na masista Wafransisko. Alisubiri hadi kilele cha tafakuri au sala, akawachoma sindano ya dawa yenye mnururisho hafifu, kisha akapiga picha ya mtiririko wa damu ubongoni. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ilifanya kazi zaidi. Sehemu ya juu kuelekea kisogoni, ambayo hutusaidia kujua mwili wetu unaishia wapi na dunia inaanzia wapi, ilitulia. Hilo linaendana vizuri na kile wanachosema watu hao wenyewe, kwamba katika kilele mpaka wa nafsi huyeyuka. Newberg mwenyewe amekuwa akisisitiza kwamba picha zake hazithibitishi Mungu wala hazimkanushi.

Mwaka 2006 Mario Beauregard na Vincent Paquette wa Montréal waliwaweka masista Wakarmeli 15 kwenye mashine ya MRI. Masista walieleza kwamba kuungana na Mungu si jambo la kuagizwa lije saa fulani, basi wakaombwa wakumbuke tukio zito kuliko yote waliyowahi kupata. Sehemu nyingi za ubongo zilishiriki. Ile hadithi ya "kitufe cha Mungu", nukta moja kichwani inayozalisha dini, haikupata msaada pale.

Ninayoipenda zaidi ni ya Denmark. Uffe Schjoedt na timu yake, mwaka 2009, waliwapima Wakristo 20 wakisali kwa maneno yao wenyewe, wakikariri Sala ya Bwana, na pia wakimwomba Baba Krismasi zawadi. Katika sala ya maneno yao wenyewe ziliamka sehemu zile zile tunazotumia tunapozungumza na mtu na kukisia anawaza nini. Kwa Baba Krismasi haikuwa hivyo. Ubongo wa anayesali haumchukulii Mungu kama wazo la kubuni, unamchukulia kama aliyepo na anayesikiliza.

Swali letu ni hili: haya yote yanaondoa nini kwenye imani?

Wengi wanafikiri hivi: "Tumeona jinsi ubongo unavyozalisha hisia ya Mungu, kwa hiyo Mungu ni zao la ubongo." Mfikirie Wilder Penfield, daktari wa upasuaji aliyeanzisha taasisi ya neva ya Montréal mwaka 1934. Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu, kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alipogusa kwa umeme sehemu iliyo nyuma ya panja, baadhi yao walisikia muziki, na chumba hakikuwa na muziki wowote. Hakuna aliyetoka pale akisema muziki ni wa kichwani tu, hakuna ngoma wala kinanda duniani. Kila tunachokijua kinapita ubongoni: sura ya mama, jumla ya saba na tano, na hata imani ya asiyeamini kwamba Mungu hayupo. Kama kupita ubongoni ni dosari, basi imezikumba fikra zote kwa mkupuo, na hoja yenyewe imejikata mguu.

Mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, William James, aliliona hili mapema, katika mihadhara yake ya Edinburgh iliyochapishwa mwaka 1902. Wakati ule tayari kulikuwa na madaktari waliosema Mtume Paulo alianguka njiani kuelekea Dameski kwa sababu ya kifafa, basi yamekwisha. James akajibu kwamba kila hali ya akili ina msingi wake mwilini, ya muumini na ya mkana Mungu sawasawa, na wala hatupimi nadharia ya fizikia kwa kuuliza ini la aliyeitunga lilikuwa na hali gani. Tunaipima kwa kingine.

Hata hivyo sitaki waumini wenzangu wafunge mjadala hapa kwa furaha. Iko hali moja ambamo chanzo cha imani kina uzito. Ukionyeshwa kwamba njia iliyokufikisha kwenye imani fulani ingekufikisha hapo hapo iwe imani hiyo ni kweli au ni uongo, na huna njia nyingine ya kuikagua, basi imani hiyo imepungukiwa, na mwenye akili timamu atalegeza mkono. Hapo ndipo sayansi ya ubongo ina meno. Naomba kuwasilisha, na nawakaribisha wenye hoja, hasa wasiokubaliana nami.

Mkaguzi

Mkuu mleta mada, umeandika kwa heshima, nami nitajibu kwa heshima. Mimi siamini, nililelewa nikiamini.

Mfano wa Penfield una pengo. Muziki tunaujua kwa njia nyingine. Tunaona mpiga gita, tunarekodi, watu mia wanasikia wimbo mmoja. Ndiyo maana mgonjwa anaposikia muziki usiokuwepo tunajua ni umeme. Kwa Mungu mko na njia gani ya pembeni ya kukagulia? Mfano wako unaonyesha tu kwamba Mungu *anaweza* kuwepo licha ya picha za ubongo. Hilo nakupa bure. Kutoka "anaweza kuwepo" hadi "ni busara kumwamini" kuna safari.

Pili, ubongo ule ule, hali ile ile ya kuyeyuka kwa nafsi, Mkarmeli anatoka akisema ni Kristo, Mbudha anatoka akisema hakuna nafsi wala Mungu muumba, na babu zetu wangesema ni mizimu. Hawawezi kuwa sahihi wote. Kwa hiyo angalau wengi wao wanadanganywa na hali hiyo, na wewe huna sababu ya kujiweka kwenye wachache waliookoka.

Tatu, kuna utafiti hukuutaja. Italia, mwaka 2010, Cosimo Urgesi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 88 wa uvimbe wa ubongo kabla na baada ya upasuaji. Walioondolewa tishu za sehemu ile ya nyuma kuelekea utosini walipanda kwenye kipimo cha kujihisi wamevuka nafsi zao. Kisu kimeondoa nyama, hali ya kiroho ikaongezeka. Hapo Roho amefanya nini?

Nne, kubwa zaidi. Wanaosoma chanzo cha dini wanasema akili zetu zimeundwa kuwaona watendaji, yaani viumbe wenye nia, hata pasipo na mtendaji. Majani yakitikisika, aliyedhani ni chui akakimbia alizaa watoto, hata kama mara tisini na tisa ulikuwa upepo. Sisi ni wajukuu wa waoga. Chombo cha namna hiyo kitaona mizimu na miungu kila mahali, iwepo isiwepo. Kwa kipimo chako mwenyewe cha mwisho, si hapo imani yako imenaswa?

Mleta mada

Mkaguzi, hizi ndizo hoja nilizokuwa nazitafuta. Nianze na ya kisu, ni fupi. Kilichopimwa pale ni dodoso la tabia ya kujisahau na kujiona sehemu ya kitu kikubwa zaidi. Mtu asiyeamini chochote anaweza kupata alama za juu kwa kupenda milima na bahari. Utafiti unatuambia kwamba wepesi wa mtu kupata hali hiyo unategemea nyama ya ubongo. Nakubali bila wasiwasi. Biblia haijawahi kuniambia kwamba nasali bila mwili.

Kuhusu wingi wa tafsiri, nakubaliana nawe kuliko unavyotarajia. Hali ya kuyeyuka kwa nafsi, peke yake, haiwezi kubeba mafundisho ya Utatu, wala tauhidi, wala mafundisho ya Budha. Anayesema "nilihisi, kwa hiyo dhehebu langu ni la kweli" anabebesha hisia mzigo isiouweza. Lakini angalia, hoja hiyo haikutoka maabara. Tofauti za dini zilijulikana kabla hajazaliwa mtu wa kwanza kuona neva kwa darubini, na walioamini kwa busara walilazimika kuijibu kwa mambo mengine: ushuhuda wa kihistoria, hoja za kuwepo kwa ulimwengu, maisha ya waliomfuata. Kama majibu hayo ni dhaifu, yatakuwa dhaifu bila msaada wa MRI. Kama ni imara, MRI haiyagusi.

La nne ndilo gumu. Aliyekipa jina chombo hicho cha kutambua watendaji ni mwanasaikolojia Justin Barrett, na yeye ni Mkristo. Haoni mgongano, kwa sababu Mungu akitaka viumbe wamtambue angewapa akili yenye mwelekeo huo. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, aliandika juu ya hisi ya uungu iliyopandwa moyoni karibu karne tano zilizopita. Lakini nitakuwa mkweli kwako: jibu hilo linamtuliza anayeamini tayari, halimshawishi aliye nje.

Jibu langu ni jingine. Chombo hicho kinasema "kuna mtu kichakani". Hakisemi kuna Muumba mmoja, mwenye haki, asiyeonekana, anayedai umpende adui yako. Kufika huko watu walipita karne za kubishana, kuandika, kukosoana na kutupa miungu mingi. Mwoga wa kichakani ni mwanzo wa safari, kama vile hesabu ilivyoanzia kwenye vidole. Nani anapinga hesabu za leo kwa sababu zilianza vidoleni?

Mkaguzi

Hesabu hukaguliwa, mkuu. Daraja likianguka tunajua mahesabu yalikosewa. Usinipe na ile hoja ya mwanafalsafa Plantinga kwamba kama akili zetu zimechongwa kwa ajili ya kuishi tu, basi hata sayansi haiaminiki. Sayansi ina ndege angani. Swali langu linabaki pale pale: dini inajisahihisha kwa nini?

Mwanafunzi wa Malindi, Zenji

Assalaam alaykum, na salamu kwa wasio Waislamu. Naomba niingie hapa kwenye swali la kujisahihisha, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba wenye dini hawakuwahi kushuku akili zao mpaka zilipokuja mashine.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mwenyewe jinsi alivyoshuku kila kitu. Alianza na macho: tunaiona nyota ndogo kama sarafu ya dinari, kumbe hoja za kijiometri zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Basi macho yamekanushwa na akili. Akajiuliza, je, nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine ambaye akijitokeza ataikanusha akili kama akili ilivyokanusha macho? Ndotoni mtu huamini mambo kwa yakini kabisa, na akiamka anajua hayakuwa na msingi. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili. Anasema hakutolewa humo kwa hoja iliyopangwa, ila kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake, na kilichomrudia kwanza ni kuziamini tena kweli za msingi za akili. Baadaye, mwaka 1095 huko Baghdad, ulimi wake uligoma kufundisha na chakula kikamshinda, na madaktari wakasema tatizo limeanzia moyoni na kuenea mwilini. Hakuona aibu kuandika hilo. Mwili wake ulikuwa sehemu ya habari yake na Mola wake.

Kwa hiyo ukiniambia imani ina mizizi mwilini, mimi nina neno la kuipokelea: fitra. Qur'ani, sura ya 30 aya ya 30, inasema Mwenyezi Mungu amewaumba watu juu ya umbile hilo. Sikuja nalo kama ushahidi kwako Mkaguzi, nalileta uone kwamba Muislamu hashtuki.

Kuhusu kukagua sasa. Kwetu ndoto ya mtu, hata awe mchamungu kiasi gani, si dalili ya hukumu ya sheria. Wanazuoni wa fiqhi wamelikataa hilo wazi. Mtu akija akasema ameoteshwa kwamba jambo la haramu limehalalishwa, harudishwi na mashine, anarudishwa na elimu. Na elimu ya Hadithi nzima imejengwa juu ya kushuku: nani alisikia kwa nani, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwa imara au ilidhoofika uzeeni. Wapokezi wengi walitupwa kwa sababu ya kumbukumbu tu. Hiyo si sayansi ya ubongo, lakini ni watu wa dini wanaouliza kwa ukali kama akili iliyobeba habari ni ya kuaminika.

Mleta mada

Ustadh, umenisaidia sana. Upande wetu iko 1 Yohana 4:1, "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho". Na Wakatoliki, pale Lourdes, Ufaransa, wana ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Maelfu wamedai kuponywa. Hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua miujiza 70 tu. Mkaguzi anaweza kusema hata hiyo 70 ina maelezo mengine, ni haki yake, lakini asiseme hakuna chujio.

Wakati mwingine tunashika swali kwa upande usiofaa kabisa. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo kwa Babu Mwasapila, kijijini Samunge, kikombe shilingi 500. Alisema Mungu alimfunulia dawa ile ndotoni. Angeweza kuja mtu na mashine akapima ubongo wa Babu usiku kucha. Ingetusaidia nini? Kilichotakiwa ni kuwapima waliokunywa. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya kikombe kile. Dai lilihusu miili ya wagonjwa, na jibu lilikuwa kwenye miili ya wagonjwa, haijalishi ndoto ilitoka wapi.

Mwana wa Kilifi

Ndugu zangu, mimi natoka huku ambako mwaka 2023 msitu wa Shakahola ulifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Watu waliaminishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Nimesoma uzi huu wote nikiwa na uchungu, kwa sababu mnajadili kama imani ina busara au haina, nami nataka kujua kitu kimoja. Walimu walikuwa mle, watu waliosoma. Akili zao zilienda wapi? Kama sayansi ya ubongo ina jibu kwa hilo, semeni.

Mleta mada

Pole sana, ndugu yangu. Sina jibu kamili kwa Shakahola, na nitakuwa mwangalifu nisigeuze vifo vya watu kuwa mfano wa darasani. Ila kuna utafiti ambao kila mwenye dini angepaswa kuujua.

Ni wale wale wa Denmark, mwaka 2011. Walichukua Wakristo 18 wa mkondo wa kipentekoste na kikarismatiki, na wengine 18 wasio na dini. Wakawasikilizisha sala zilizorekodiwa. Wasikilizaji waliambiwa kwamba msemaji mmoja si Mkristo, mwingine ni Mkristo wa kawaida, mwingine ni Mkristo anayejulikana kwa karama ya uponyaji. Kilichobadilika kilikuwa maelezo hayo. Kwa wale Wakristo, walipoamini kwamba anayesali ni mwenye karama, sehemu za mbele za ubongo, zinazohusika na kupima na kusimamia tunachoambiwa, zilipunguza kazi. Na kadiri zilivyopungua, ndivyo walivyosema kwamba wamehisi uwepo wa Mungu zaidi. Kwa wasio na dini haikuwa hivyo.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Utafiti huo hausemi chochote juu ya Mungu. Unasema jambo kubwa juu yangu mimi: kuna mazingira ambayo mlinzi wangu wa ndani analala, na ninapojisikia niko karibu na Mungu kuliko wakati wowote ndipo huenda nimeacha kupima. Sidhani ni dini pekee, mwanasiasa anayependwa au daktari maarufu naye anaweza kutulaza vivyo hivyo. Lakini kanisani tunafundishwa kwamba kulala huko ndiko imani. Hilo nalikataa kama mwanasaikolojia na kama Mkristo. Imani iliyopatikana kwa sauti ya nabii anayepigiwa makofi, na ambayo haijawahi kukaguliwa baada ya makofi kuisha, nasema wazi, imepungukiwa busara, na sayansi imetupa sababu nzuri ya kusema hivyo. Ile iliyoulizwa maswali asubuhi yake, ikapelekwa kwa wanaopinga, ikasomwa, ikasubiri, ina hadhi tofauti, hata kama zote mbili zinapita kwenye ubongo mmoja.

Mkaguzi

Hili la mwisho nakubaliana nalo kwa asilimia kubwa, mkuu. Tofauti yetu inabaki kwamba mimi naona ukiikagua imani yako hivyo hadi mwisho hutabaki nayo. Wewe unaona utabaki nayo. Lakini sasa tunabishana juu ya ushahidi, si juu ya picha za kichwa cha mtu, na nadhani huko ndiko ubishi unapostahili kuwa. Pole nyingi, Mwana wa Kilifi.

Tabibu wa Ulanga

Mimi nimechelewa, nilikuwa zamu. Naomba niongeze la huku kwetu Mahenge, kwa sababu mnataja kifafa kama mfano wakati kwetu ni majirani na ndugu zetu.

Huku kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na watafiti wanakihusisha na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Kuanzia miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliendesha kliniki ya kifafa hapa Mahenge. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, watu wanaogopa mate yao, na wengine wana makovu makubwa kwa sababu mtu akiangukia motoni waliogopa kumgusa. Ilisemwa ni pepo au laana. Alianza kuwapa dawa ya kifafa, fenobabito, na wengi waliokuwa wakianguka wakapata nafuu.

Na pwani mlioko huko mnaijua degedege. Mtoto ana malaria imepanda kichwani, anakakamaa, macho juu. Ikasemwa ni shetani au ndege wa usiku, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Akapelekwa kwa mganga kwanza, hospitali akafikishwa kesho yake.

Hapa, Mleta mada, sayansi ya ubongo ilipambana na imani uso kwa uso na imani ile ikashindwa kihalali. Kwa sababu ilikuwa imani juu ya chanzo cha ugonjwa, na chanzo hicho kinaangalika. Wagiriki wa zama za Hippocrates waliandika hivyo miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, kwamba ugonjwa huu ulioitwa mtakatifu hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, unatoka ubongoni. Waumini wasijifiche nyuma ya hoja za Penfield katika mambo ya namna hii. Hakuna padre wala shehe hapa kwetu ninayefanya naye kazi aliyepoteza imani kwa kukubali kwamba degedege ni malaria.

Dada wa Kidatu

Tabibu, shikamoo. Nimekuwa nasoma bila kuandika. Kaka yangu ana kifafa. Safari iliyopita alianguka mara nyingi kwa siku mbili, akatulia kama siku moja, halafu akaanza kusema Mungu anaongea naye na amemteua. Hakulala. Mchungaji wetu anasema ni wito, shemeji anasema ni wazimu. Mama analia. Je, tumwambie kwamba sauti ile ni ubongo tu?

Tabibu wa Ulanga

Marahaba, mdogo wangu. Pole na mama.

Hali hiyo inajulikana. Baada ya kuanguka mfululizo, mgonjwa anaweza kutulia siku moja au mbili kisha akachanganyikiwa, na mara nyingi mazungumzo yake huwa ya dini. Hutibika. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya afya ya akili, msisubiri aanguke tena, na mweleze daktari mlolongo huo huo ulioandika hapa: alianguka lini, alitulia muda gani, alianza kusema lini, alilala saa ngapi. Kama hali chakula, halali, au anataka kujidhuru au kudhuru mtu, hiyo ni dharura, nendeni usiku huo huo.

Kubishana naye kama Mungu yupo hakutamsaidia sasa. Mchungaji aje, asali naye kwa utulivu, na amhimize kumeza dawa. Swali la wito wake lisubiri miezi, akiwa amepona na amelala vizuri, kisha mkae naye kama mnavyokaa na mtu mwingine yeyote anayesema ameitwa.

Na fenobabito asiiache ghafla, hata aambiwe na nani kwamba ameponywa. Kuikatiza kwa mkupuo kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Kama zinakaribia kuisha, fuateni nyingine kabla hazijaisha. Niandikie pembeni nikuelekeze kliniki iliyo karibu na Kidatu.